Cesare Beccaria, Mwandishi wa Makosa na Adhabu

Katika mji wa Milan, kaskazini ya nchi ya Italia, palikuwa na nguzo ya mawe iliyosimamishwa mahali palipokuwa zamani na nyumba ya kinyozi. Kinyozi huyo aliitwa Gian Giacomo Mora. Mwaka 1630 tauni iliingia Milan ikaua watu wengi mno, na kwa kuwa hapakuwa na aliyejua ugonjwa unatoka wapi, ukazuka uvumi kwamba wako watu waovu wanaopaka sumu katika kuta za nyumba. Asubuhi moja ya mvua wanawake wawili, wakitazama madirishani, walimwona mtu akipita kandokando ya ukuta huku akipangusa mkono wake. Mtu huyo alikuwa Guglielmo Piazza, mtumishi wa idara ya afya. Akakamatwa, akafungwa mikono nyuma, akavutwa juu kwa kamba. Alistahimili, akakana. Hatimaye akaahidiwa kwamba atasamehewa akiwataja wenziwe, naye akamtaja kinyozi Mora, aliyekuwa akitengeneza dawa ya kujikinga na tauni. Nyumbani kwa Mora wakakuta chombo cha maji ya majivu ya kufulia nguo, wakasema hii ndiyo sumu. Mora naye akateswa, akakiri yote aliyotakiwa kukiri. Wakauawa wote wawili, kwa namna ambayo sitaieleza katika gazeti linalosomwa na watoto wa kidato cha kwanza. Nyumba ikabomolewa, nguzo ikajengwa, na jiwe likaandikwa Kilatini kuwatia aibu milele.

Nguzo hiyo ilikuwa ingali imesimama tarehe 15 Machi 1738, siku aliyozaliwa Cesare Beccaria katika mji huo huo. Milan siku hizo ilitawaliwa na wafalme wa Austria. Baba yake alikuwa mtu wa ukoo wa heshima, mwenye cheo na mashamba, na Cesare alikuwa mwanawe wa kwanza. Alipelekwa Parma katika shule ya bweni ya mapadre Wajesuiti, akakaa huko miaka minane, wala hakuipenda. Ukubwani alilaumu sana elimu aliyopewa pale. Lakini hesabu aliziweza, hata wenzake wakampa jina la utani la Newton mdogo. Msomaji aliweke jina hilo akilini, maana tutalirudia. Mwaka 1758, akiwa na umri wa miaka 20, alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Kisha akapenda. Msichana huyo, Teresa Blasco, alikuwa na miaka 16, binti wa mkuu mmoja wa jeshi, lakini nyumba yao haikuwa na mali. Baba yake Cesare akakataa katakata. Kijana alipozidi kushikilia, mzee akatumia mamlaka aliyokuwa nayo baba katika sheria za nchi ile, akamfungia nyumbani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Hakuiba, hakupiga mtu, wala hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Alifungwa kwa kuwa mkubwa amekasirika, basi. Mwezi wa Februari 1761 alimwoa Teresa hata hivyo, wakaishi katika dhiki mpaka rafiki yake Pietro Verri alipowapatanisha na wazee.

Huyu Pietro Verri alimzidi Beccaria kwa miaka 9 hivi, na bila yeye huenda tusingalisikia habari za Beccaria hata kidogo. Alikuwa amekusanya vijana wachache nyumbani kwake wakisoma vitabu na kubishana, na ubishi wao ulikuwa mkali hata wakajiita Chuo cha Ngumi. Mdogo wake, Alessandro Verri, alikuwa na kazi ya kuwaangalia wafungwa na kuwatetea. Aliingia magerezani, akayaona yaliyomo, na jioni akaja kuyasimulia. Beccaria alikuwa mnene, mpole, mwenye haya, mvivu wa kuandika, leo ana furaha na kesho amenuna. Walimpa kazi ya kuandika juu ya sheria ya jinai ili asikae bure. Alianza mwaka 1763. Siku nyingine aliandika kurasa mbili tatu, akachoka, akaacha. Pietro akamhimiza, kisha akayanakili maandishi kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1764 kikachapwa kitabu kidogo kiitwacho Dei delitti e delle pene, yaani Juu ya Makosa na Adhabu. Kilichapwa Livorno, mbali na Milan, na jalada lake halikuwa na jina la mwandishi. Aliogopa, naye alikiri hivyo: alitaka kuitetea kweli, ila hakutaka kufa kwa ajili yake. Alikuwa na miaka 26.

Sasa tuseme alichoandika. Kwanza, adhabu yoyote lazima itoke katika sheria iliyotungwa mbele, kabla ya kosa, na sheria hiyo iandikwe wazi kwa lugha wanayoifahamu watu. Siku zile mahakimu walihukumu kwa kuchanganya sheria za Warumi wa kale, desturi, na maoni ya wanachuoni waliokwisha kufa. Mtu aliweza kuadhibiwa leo kwa jambo ambalo jana hakuna aliyemwambia kuwa ni kosa. Beccaria alisema kazi ya hakimu ni kutazama kama tendo limetendeka au halikutendeka, na kama sheria imelikataza; kuongeza adhabu kwa hasira yake, au hata kwa nia njema, hana ruhusa. Tena adhabu ya tajiri mwenye cheo na adhabu ya maskini ziwe moja.

Pili, mtu asihesabiwe kuwa mkosaji kabla hakimu hajatoa hukumu. Hapa ndipo alipoishambulia kamba. Alipanga maneno yake kama mtu anayepiga hesabu. Ama kosa limekwisha thibitika, ama halijathibitika. Ikiwa limethibitika, mateso hayana kazi, maana kukiri kwa mtu hakuhitajiwi tena. Ikiwa halijathibitika, basi anayeteswa ni mtu ambaye kwa sheria hana hatia. Halafu akaendelea, na hapa Newton mdogo wa Parma anaonekana: akasema jambo lenyewe lingefaa kupewa mwanahesabu badala ya hakimu, atafute kwa kujua nguvu za misuli ya mtu na wepesi wa mishipa yake ni kiasi gani cha maumivu kitakachomfanya akiri kosa fulani. Jambazi mwenye mwili wa chuma hukana na kuachiliwa. Mnyonge asiye na kosa hukiri na kuuawa. Mbele ya kamba, asiye na hatia yumo katika hali mbaya kuliko mwenye hatia. Mkumbuke yule kinyozi.

Tatu, adhabu ilingane na kosa. Mahali ambapo kumwua ndege wa mawindo wa bwana mkubwa na kumwua mwanadamu hulipwa kwa adhabu ile ile, watu husahau kwamba makosa haya mawili hayafanani. Wala ukali hauzuii uhalifu kama watu wadhanivyo. Kinachomzuia mtu ni kujua kwamba atakamatwa hakika, na kwamba hukumu itafuata upesi, hata ikiwa ni adhabu ndogo. Sisi walimu twalijua hili tangu zamani: darasa linaloogopa fimbo mara moja kwa muhula hupiga kelele siku zote nyingine.

Alikataa pia mashtaka ya siri, kama yale ya Venice, ambako mtu aliweza kutia karatasi ya kumchongea jirani katika tundu la ukuta. Akakataa adhabu ya kifo, ila katika nyakati chache sana za hatari kwa taifa. Badala yake alitaka mwuaji afanye kazi ngumu kifungoni maisha yake yote, na alisema kwamba jambo hilo litawatisha watu kuliko kifo cha dakika moja. Mimi naona hapa huruma yake ilipungua. Alivyoieleza kazi hiyo ya minyororo, mfungwa akifananishwa na mnyama wa mizigo, si jambo la kufurahisha kulisoma.

Kitabu kikaenea kama moto wa nyika. Mtawa mmoja, Facchinei, alimshutumu kwamba anapinga dini na wafalme. Ndugu wawili Verri wakaandika majibu haraka. Mwaka 1766 Kanisa la Roma likakitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka huo huo Voltaire aliandika kitabu cha kukieleza, na wenye elimu wa Paris wakamwita mwandishi aje waonane. Akaenda pamoja na Alessandro. Mwanafunzi aliyewahi kulia usiku wake wa kwanza bwenini atamwelewa: katikati ya sifa zote zile Beccaria alimlilia mkewe, akashindwa kusema mbele za watu, akakatisha safari akarudi Milan peke yake. Wenyeji wake walishangaa, na urafiki wake na akina Verri ukavunjika. Malkia Catherine wa Urusi alipomwita aende kumsaidia kutengeneza sheria, hakwenda. Hata hivyo, maagizo aliyoyatoa malkia huyo mwaka 1767 yalijaa maneno yaliyochukuliwa katika kitabu cha Milan.

Hakuandika kingine cha namna hiyo. Tangu mwaka 1768 alikuwa mwalimu wa elimu ya uchumi, na tangu 1771 mtumishi wa serikali, akishughulika na fedha, nafaka, mizani na vipimo. Teresa alifariki mwaka 1774, naye akaoa tena kabla miezi mitatu haijaisha. Yaliyobaki kitabu kiliyafanya chenyewe. Austria iliacha mateso mwaka 1776, ingawa baraza la majaji wa Milan liliyatetea kwa waraka ulioandikwa na baba yake Pietro Verri. Mwaka 1786 Toscana ilifuta adhabu ya kifo pamoja na mateso. Kifo kilirudishwa huko mwaka 1790 kwa makosa ya uasi. Huko Uingereza Jeremy Bentham alijifunza kwake. Macaulay, aliyefuata fikira za Bentham, akaongoza kazi ya kuandika Kanuni ya Adhabu ya India. Na kanuni hiyo Waingereza wakaja nayo mpaka pwani yetu. Leo Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika, yakataza adhabu kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati lilipotendwa, na yakataza kumtesa mtu.

Mwaka 1792, akiwa katika halmashauri ya kutengeneza upya sheria za jinai, Beccaria na wenzake wawili walitoa maoni ya kupinga kifo, wakashindwa kwa kura. Safari hii jina lake lilikuwamo katika karatasi. Alifariki Milan tarehe 28 Novemba 1794.

Ile nguzo ilikuwa imekwisha ondolewa mwaka 1778. Binti yake Beccaria, Giulia, alizaa mtoto wa kiume, Alessandro Manzoni, aliyekuja kuwa mwandishi mkuu wa riwaya nchini Italia. Mwaka 1842 Manzoni alichapisha kitabu juu ya kesi ya Piazza na Mora. Aliyasoma maandishi ya kesi yenyewe, swali kwa swali, akaonyesha kwamba hata kwa sheria mbovu za mwaka 1630 mahakimu wale wangaliweza kuona kwamba kinyozi hana kosa, kama wangalitaka kuona.