Mtakatifu Benedikto, Mchungaji Aliyejua Mwendo wa Kundi Lake

Mtakatifu Benedikto alizaliwa karibu na mwaka 480 katika mji wa Nursia, nchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa watu wa heshima, wakampeleka Roma apate kusoma. Lakini alipoona jinsi vijana wengi wa mjini walivyofuata anasa, akaogopa kupoteza roho yake. Akaacha vitabu na mali ya baba yake, akaenda milimani, mahali paitwapo Subiaco. Huko akakaa peke yake ndani ya pango muda wa miaka 3. Mmonaki mmoja, jina lake Romano, alijinyima sehemu ya mkate wake, akamteremshia kwa kamba ndefu yenye kengele, maana pango lilikuwa chini ya jabali.

Habari zake zikaenea. Ikawa wamonaki wa monasteri moja ya jirani walifiwa na abati wao, ndiye mkubwa wao. Wakamwendea Benedikto, wakamwomba ashike mahali pake. Akakataa siku nyingi, kwa kuwa alijua ya kwamba desturi zao na zake hazipatani. Nao wakazidi kumsihi, hata mwisho akakubali.

Basi akaanza kuwaongoza kwa sheria kali, asimruhusu mtu kugeuka kuume wala kushoto. Lakini watu wale walikuwa wamezoea kufanya wapendavyo. Kwanza wakanung'unika, kisha wakajuta kumwita, mwishowe wakatia sumu katika divai yake. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba Benedikto alifanya ishara ya msalaba juu ya chombo kile cha kioo, nacho kikapasuka kana kwamba kimepigwa kwa jiwe. Mara akaelewa. Akasimama kwa uso mtulivu, akawaombea huruma ya Mungu, akawakumbusha jinsi alivyowaonya tangu mwanzo. Kisha akarudi pangoni kwake.

Sheria zile zilikuwa njema, na aliyezitoa alikuwa mtu wa Mungu. Lakini mioyo ya wale ilikuwa bado haijaandaliwa. Mzigo wa mtu mzima ukitwikwa mtoto humvunja shingo, hata ukiwa mzigo wa chakula.

Baadaye watu wengi walimfuata Subiaco kwa hiari yao, wakitaka kufundishwa. Benedikto akajenga monasteri 12, akaweka katika kila moja wamonaki 12 pamoja na mkubwa wao. Hakutaka kushika yote kwa mkono wake mwenyewe. Lakini wachache aliowaona wahitaji bado kulelewa karibu naye, aliwabakiza pamoja naye. Hivyo wenye nguvu walipewa nafasi ya kwenda, na wachanga walipewa baba wa kuwatazama.

Siku moja alikuja Mgoti mmoja, mtu maskini wa roho, akaomba kuwa mmonaki. Benedikto akampa mundu afyeke miiba kando ya ziwa. Mtu yule akafyeka kwa nguvu zake zote, hata chuma kikachomoka katika mpini, kikazama majini. Akatetemeka kwa hofu, akaungama kosa lake. Gregori asimulia kwamba Benedikto alitia mpini ule ndani ya maji, na chuma kikapanda kutoka chini kikaingia mahali pake. Akamrudishia mundu wake, akamwambia afanye kazi wala asihuzunike. Kwa mtu mchanga namna ile, ukali ungalizima moto uliokuwa ndiyo kwanza unawashwa.

Karibu na mwaka 529 Benedikto alihamia mlima wa Monte Cassino. Huko aliandika Kanuni yake yenye sura 73, na ndani yake hekima hii yaonekana wazi. Mgeni atakaye kuwa mmonaki asipokelewe upesi, bali aachwe mlangoni siku 4 au 5, ionekane kama ana uvumilivu. Akiingia, akabidhiwe mzee ajuaye kuvuta roho za watu. Baada ya miezi 2 asomewe Kanuni yote, baada ya miezi 6 asomewe tena, na baada ya miezi 4 mingine mara ya tatu, ndipo aahidi akijua aahidilo. Maisha ya upweke, aliyoanza nayo Benedikto mwenyewe, Kanuni huwaachia wale tu waliokwisha kuzoezwa muda mrefu kati ya ndugu.

Tena abati apaswa kujua tabia ya kila mmoja: huyu aongozwe kwa upole, yule kwa kukemewa, mwingine kwa kuelezwa. Awapimie kazi, wenye nguvu wawe na jambo la kutamani, na wanyonge wasikimbie. Na penye shauri kubwa awaite wote, kwa maana mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo jema.

Kundi lilipokomaa, Benedikto aliwatuma ndugu kadhaa kujenga monasteri huko Terracina. Aliwawekea abati na msaidizi wake, naye akabaki mlimani. Kazi ikawa yao.

Alifariki karibu na mwaka 547. Homa ilipomzidi, aliwaomba wanafunzi wampeleke kanisani. Akapokea Mwili na Damu ya Bwana, akasimama akisali, huku wanafunzi wakiitegemeza miili yake dhaifu kwa mikono yao. Wale aliowashika mkono walipokuwa wachanga, sasa ndio waliomshika yeye.

Mwaka 1964 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa msimamizi wa Ulaya. Watoto wake walifika hata Katanga mwaka 1910. Kwa hiyo mkatekumeni aonaye njia ya Ubatizo kuwa ndefu asikate tamaa. Hatua zake zimepimwa na Mama Kanisa kwa mapendo, kama mchungaji apimavyo mwendo wa kondoo wanyonyeshao. Naye aliyekwisha kutangulia asimcheke aliye nyuma, bali amngoje, amshike mkono.