Von Graefe: Tabibu aliyechungulia chanzo cha upofu

ALBRECHT von Graefe alikuwa na umri wa miaka 23 wakati mwanasayansi Hermann von Helmholtz alipochapisha, mnamo 1851, maelezo ya kifaa cha kumulikia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kabla ya hapo, madaktari waliokabiliwa na maradhi ya glakoma, yajulikanayo na wengi kama presha ya macho, waliona jicho kwa nje tu huku mgonjwa akizidi kupofuka.

Von Graefe alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1828. Babake, Carl Ferdinand, alikuwa daktari mpasuaji mwenye sifa kubwa. Kijana huyo alihitimu udaktari angali mdogo, akazuru Prague, Paris, Vienna na London kujifunza tiba ya macho, kisha akarejea nyumbani kufungua kliniki iliyowapokea maskini bila malipo.

Kwa kifaa hicho kipya aliangalia kichwa cha neva ya jicho, yaani kile kiduara chenye upana wa takriban milimita moja na nusu ambapo nyuzi zaidi ya milioni moja hukusanyika kuelekea kwenye ubongo. Mnamo 1854 alitangaza kwamba kwa wagonjwa wa glakoma sehemu hiyo imevimba.

La hasha! Ilikuwa imebonyea. Anayechungulia kwa jicho moja kupitia kitundu hutatizika kutofautisha shimo na kilima, na hata bingwa alihadaika. Mwenzake, Adolf Weber, alimzindua. Naye Heinrich Müller wa Würzburg akachunguza macho ya marehemu na kuthibitisha kwamba kweli lilikuwa shimo. Von Graefe hakung'ang'ania msimamo wake. Alijirekebisha hadharani, jambo ambalo wakubwa wengi wa taaluma huliona chungu kuliko shubiri.

Shimo hilo lilimpa fununu: shinikizo la majimaji ndani ya jicho ndilo lililokuwa likiisukuma neva nyuma. Mnamo 1857 alieleza upasuaji wa kukata kipande cha utando wenye rangi unaozunguka mboni ili kupunguza shinikizo hilo. Walionufaika zaidi ni wale walioshikwa na glakoma ya ghafla, ambao awali hawakuwa na tumaini.

Swali la ukubwa wa shimo lilisubiri karne nzima. Mnamo 1967, Mansour Armaly, aliyekuwa Marekani, alichapisha utafiti uliolinganisha upana wa shimo na upana wa kiduara chote, hesabu ambayo madaktari wangali wanaitumia. Tangu miaka ya 1990, mitambo ya miale imepima hata unene wa nyuzi zenyewe. Haja ya vipimo hivyo ni kubwa, kwani glakoma ya polepole haina maumivu na nyuzi zilizokufa hazifufuki.

Von Graefe hakujaliwa umri mrefu. Kifua kikuu kilimuua Julai 20, 1870, akiwa na miaka 42. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka wa 1882 karibu na hospitali ya Charité, Berlin.