Mary Richmond: Karani wa Hesabu Aliyeifanya Fildi Kuwa Darasa

Wanachuo wenzangu, msimu wa fildi ndio huo unabisha hodi. Wenzetu wa ustawi wa jamii wameshapewa fomu ya malengo ya kujifunza, na wengi wataijaza usiku wa kuamkia safari. Mimi nasoma ualimu, ila safari hii naomba niandike juu ya mtu wa kozi yao. Jina lake wanalisikia darasani karibu kila muhula, lakini maisha yake hayasimuliwi sana. Ni Mary Richmond, Mmarekani aliyefariki mwaka 1928.

Alizaliwa mwaka 1861 huko Belleville, jimbo la Illinois, baba yake akiwa mhunzi wa magari ya farasi. Alibaki yatima akiwa mdogo sana, akachukuliwa na bibi yake mzaa mama pamoja na dada za mama yake, akakulia Baltimore. Nyumba ya bibi ilikuwa ya kupangisha wageni, na wageni pamoja na ndugu walikaa humo wakibishana mambo ya siasa na haki za wanawake. Shule ya serikali aliianza akiwa na miaka 11, ila kusoma vitabu alikuwa ameshaanza zamani. Akamaliza sekondari akiwa na miaka 16, na elimu yake ya darasani ikaishia hapo.

Baada ya hapo alienda New York kukaa na ndugu wa mama yake na kutafuta kazi. Yule ndugu akaugua, Mary akabaki peke yake kwenye jiji kubwa, hela hakuna. Baada ya miaka miwili hivi alirudi Baltimore afya ikiwa imedorora, akafanya ukarani wa hesabu. Yaani mtu anayeitwa mwanzilishi wa taaluma nzima alikuwa binti yatima wa fomu foo anayejumlisha hesabu za watu wengine.

Mwaka 1889 aliomba kazi ya mwekahazina msaidizi katika chama cha kuratibu misaada kwa maskini pale Baltimore. Wakamchukua, na kabla hajaanza wakampeleka Boston akakae wiki moja na Zilpha Smith, mama mzoefu wa kazi hiyo. Hiyo ndiyo fildi aliyopata yeye: wiki moja tu! Lakini hakwenda kuokoa maskini wa Boston, alikwenda kujifunza namna kazi inavyofanyika. Baada ya miaka miwili akawa katibu mkuu wa chama.

Siku zile waliotembelea maskini majumbani walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao matajiri wenye huruma. Huruma ilikuwepo, ila ujuzi ulikuwa wa kubahatisha. Mmoja anatoa hela pasipohitajika, mwingine anamhukumu mama wa watu kwa sababu nyumba haijafagiwa. Richmond aliona kwamba anayeumia katika kubahatisha huko ni yule anayetembelewa. Mwaka 1897, kwenye mkutano mkubwa wa watu wa misaada uliofanyika Toronto, alitaka ianzishwe shule ya kufundisha kazi hii, na wanafunzi wajifunze kwa vitendo chini ya watu wazoefu, si kwa nadharia peke yake. Mwaka uliofuata, 1898, mafunzo ya wiki sita yakaanza New York wakati wa kiangazi. Mbegu ile ndiyo leo shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia.

Mwaka 1900 alihamia Philadelphia, na mwaka 1909 akaenda kwenye taasisi ya Russell Sage huko New York, alikofanya kazi mpaka kufa. Miaka mingi aliitumia kusoma mafaili ya familia kutoka ofisi mbalimbali, akitafuta wapi mhudumu alipatia na wapi alikurupuka. Mwaka 1917 alitoa kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kiitwacho Social Diagnosis. Humo anamfundisha mhudumu kukaa na mtu kwa mara ya kwanza, kisha kuzisikiliza familia, ndugu, daktari, mwajiri, majirani na shule. Tena anamtaka atenganishe alichokiona na alichokidhania. Mwaka 1921 Chuo cha Smith kilimpa shahada ya heshima ya uzamili, na ndiyo shahada aliyokuwa nayo.

Hakuwa malaika. Serikali za majimbo zilipotaka kuwalipa kinamama wajane wenye watoto, yeye alipinga, akihofia hela zitagawiwa kisiasa bila kuichunguza kila familia. Illinois, jimbo alikozaliwa, lilipitisha sheria hiyo mwaka 1911, na majimbo mengi yakafuata. Mimi naona hapo alikosea. Ukizama sana kwenye faili la familia moja, unaweza usione kwamba familia elfu zina shida ileile. Wa kozi hii wajifunze na hilo kutoka kwake.

Sasa turudi kwenye fomu. Nilipokuwa Nangara, pale Babati mjini, kwa mazoezi ya kufundisha, nilipanga nyumba moja na binti wa ustawi wa jamii aliyekuwa fildi. Alinionyesha malengo yake: kupunguza umaskini, kutokomeza ukatili wa kijinsia, kuielimisha jamii. Kwa wiki nane! Kwetu ualimu, andalio la somo linasema mwanafunzi ataweza kufanya nini kipindi kikiisha, na mwalimu aone kwa macho kama ameweza. Kwenye ile fomu mwanafunzi alikuwa yeye, lakini hakuna lengo hata moja lililomhusu. Yote yalihusu watu wa Nangara, kana kwamba wao ndio wako fildi.

Tukakaa jikoni tukaanza upya. Ofisini kwake walikuja sana kinamama wanaodai matunzo ya watoto. Basi lengo la kwanza likawa: kufikia wiki ya tatu aweze kuendesha mahojiano ya kwanza mbele ya msimamizi wake, na kuandika ukurasa mmoja wenye aliyoyaona upande huu na aliyoyadhani upande ule. La pili lilitokana na lugha. Nangara kuna wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kigorowa au Kiiraqw, na mkalimani wa karibu mara nyingi ni jirani. Siri ya bibi ikipita kwa jirani, jioni iko kisimani. Kwa hiyo lengo likawa kujifunza kutoka kwa msimamizi namna ya kumpata mkalimani anayefaa na kukubaliana naye kuhusu siri kabla ya kubisha hodi. La tatu nililichangia kama mwalimu: ajue kuuliza shuleni, kwa utaratibu, habari za mtoto anayesinzia darasani kila asubuhi, bila kumtia aibu mbele ya wenzake. Msimamizi wake aliyasoma, akabadilisha tarehe moja, akasaini.

Umaskini wa Nangara haukuisha kwa malengo matatu, na hakuna aliyeahidi kuumaliza. Ila mama aliyekuja na mtoto mgongoni alisikilizwa na mtu anayejua bado hajui nini, na mwenye msimamizi pembeni wa kumrekebisha. Hicho ndicho Richmond alichokipigania Toronto. Mgonjwa hafurahii kuwa wa kwanza kwa daktari mwanafunzi, na mtu mwenye shida ya ndoa au ya mtoto ni vivyo hivyo.

Richmond alifariki Septemba 1928 huko New York, akiwa na miaka 67. Ndugu zangu wa ustawi wa jamii, kabla hamjapanda basi, isomeni fomu tena, na kila lengo liulizeni swali moja: hapa anayejifunza ni nani? Kama jibu si wewe, futa, andika lingine. Fildi njema.