Ibn Fadlan: Mjumbe aliyefika mikono mitupu

Kila nikisikia watu wanalalamikia baridi ya Julai, humkumbuka Ahmad ibn Fadlan. Mwaka 309 Hijria (921), Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alimtuma pamoja na wenzake kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, katika Urusi ya leo. Mfalme huyo aliomba walimu wa dini, msikiti na fedha za kujengea ngome.

Baridi iliwazuia Khwarizm miezi mitatu. Mto Jayhuni uliganda, misafara ikapita juu yake. Akitoka hamamu, ndevu zake zilikuwa barafu. Wakapita kwa makabila ya Kituruki ambayo wengi wao hawakuwa Waislamu, wakafika Mei 922. Kule usiku wa kiangazi ni mfupi mno, Isha na Alfajiri karibu zigusane.

Kinachoniuma mimi ni zile dinari 4,000 za ngome. Hazikufika. Mfalme akambana yeye msomaji wa barua, si wakubwa waliobaki Baghdad. Hata iqama aliyowafundisha waisome mara moja moja, mfalme akaamuru irudi mara mbili mbili kama zamani. Nani angemsikiliza tena? Na fedheha hiyo kaiandika mwenyewe, bila kuificha.