Sewa Haji Paroo: Mfanyabiashara wa Bagamoyo Aliyetoa Shule na Hospitali kwa Sharti

Wananchi wengi wanaofika Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, huelekezwa Jengo la Sewa Haji kumjulia hali mgonjwa wao. Huulizia ghorofa, hupanda ngazi na kurudi nyumbani bila kujua kwamba jina hilo ni la mtu, na kwamba mtu huyo hakupata kuliona jengo lenyewe. Sewa Haji Paroo alifariki dunia Februari 1897, akiwa na umri wa takriban miaka 46, na hospitali ya kwanza iliyobeba jina lake ilikuwa mahali pengine kabisa.

Alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Asili yao ilikuwa Kachi, magharibi mwa India, na baba yake alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara waliovuka bahari kuja kutafuta riziki Unguja na Mrima. Duka la familia lilikuwa na tawi Bagamoyo, na huko ndiko Sewa alikojifunza kazi na kukabidhiwa biashara akiwa bado kijana. Hakuukuta mji mdogo. Bagamoyo ya miaka ya 1870 ilikuwa mwanzo na mwisho wa njia kuu ya misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji, na wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo yao hapo, wakapumzika na kufunga mingine. Umaarufu wa mji huo ulienea hata jina lake likafika mbali na bahari; mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, ipo leo kata inayoitwa Bagamoyo.

Biashara ya Sewa Haji ilikuwa kuuwezesha msafara kuondoka. Bara hapakuwa na matumizi ya fedha kama pwani, hivyo msafiri alilazimika kubeba vitu vya kubadilishana: merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kila eneo lilikuwa na shanga zake zilizopendwa, na aliyekosea rangi aliweza kufika katikati ya safari akiwa na mzigo usio na thamani. Bidhaa hizo zilipaswa kununuliwa, kupimwa na kufungwa katika mizigo ya takriban kilo 30, kisha wapatikane watu wa kuibeba. Sewa Haji aliyafanya yote hayo. Msafara uliporejea, pembe za ndovu zilipitia mikononi mwake kuelekea Unguja.

Wazungu waliotaka kwenda bara walimhitaji kama Waarabu na Waswahili walivyomhitaji. Henry Morton Stanley, alipokuwa Bagamoyo mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta David Livingstone, alipatiwa wapagazi na kijana huyu, wakati huo akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata, Stanley alimlalamikia kwa ukali kwamba ni mjanja na kwamba hesabu zake haziaminiki. Yafaa msomaji akumbuke kwamba maelezo hayo ni ya upande mmoja. Sewa Haji hakuacha kitabu. Hata hivyo si haki kumtakasa. Utajiri wake ulitokana na pembe, bunduki na baruti, na njia ambazo mizigo yake ilipita ndizo zilizopitishwa watu waliofungwa minyororo. Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Waingereza walikatazwa kumiliki watumwa, lakini mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi ndiyo iliyoiwezesha misafara ya pwani kwa miaka mingi.

Mwaka 1888 Wajerumani walijaribu kuushika utawala wa pwani, na watu wa Mrima wakainuka chini ya Abushiri bin Salim. Bagamoyo ilipigwa mizinga na biashara ikasimama. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu Dar es Salaam, yenye bandari ya kina, na Bagamoyo, ambayo maji yake ni ya kina kifupi na majahazi hukaa mchangani maji yakipwa, ikaanza kupoteza nafasi yake. Mfanyabiashara mwenye busara angehamisha mtaji wake wote. Sewa Haji alihamia kwenye fursa mpya kama wengine, lakini ni katika miaka hiyo hiyo, mji ukishuka, ndipo alipoanza kutoa.

Alichokitoa kwanza kilikuwa shule. Alimkabidhi Gavana Julius von Soden jengo la ghorofa mjini Bagamoyo, na sharti lake lilikuwa wazi: wasomeshwe watoto wote, Waafrika na Wahindi, bila kubaguliwa kwa rangi wala dini. Kwa wakati ule sharti hilo halikuwa jambo dogo. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi Waislamu hawakutaka kuwapeleka watoto huko wakihofia kwamba wangebadilishwa dini. Jumuiya za Kihindi nazo zilielekea kufundisha watoto wao wenyewe. Mfanyabiashara huyu aliona kwamba mji wenye Waswahili, Wanyamwezi, Waarabu, Wabaniani na Makhoja usingeendeshwa kwa madarasa yaliyotengwa, na kwa kuwa jengo lilikuwa lake, alikuwa na nguvu ya kuweka sharti kabla ya kukabidhi ufunguo.

Serikali zilizofuata hazikufikiri hivyo. Chini ya Waingereza elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao na Waafrika kwao, kila kundi na bajeti yake, na fungu la Mwafrika likiwa dogo kuliko yote kwa kila mtoto. Mgawanyo huo uliondolewa rasmi Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru. Karibu miaka 70 ilikuwa imepita tangu sharti la Bagamoyo liandikwe. Jengo hilo bado linasimama katika Mji Mkongwe, na watoto wa Shule ya Msingi Mwambao wameendelea kusoma humo.

Kisha ikaja hospitali. Sewa Haji alitoa fedha ijengwe Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, nayo ilifunguliwa mwaka 1897, mwaka ule ule serikali ya Kijerumani ilipokamilisha hospitali ya Wazungu ufukweni, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mji mmoja ukawa na hospitali mbili: moja ya watawala, iliyopokea upepo wa bahari, na nyingine ya watu wengine wote, iliyotokana na mfuko wa mtu mmoja. Ya pili ndiyo iliyobeba wagonjwa wengi kwa karibu miaka 60.

Mwenyewe hakupata muda wa kuiona ikifanya kazi. Alifia Unguja. Wosia wake uliikabidhi serikali nyumba zake, na mapato ya kodi yakapangiwa matumizi maalumu: chakula cha wagonjwa wa ukoma na maskini wa Bagamoyo, na mahitaji ya wagonjwa wa hospitali ya Dar es Salaam. Alielewa, pengine kwa uzoefu wa misafara, kwamba anayeanzisha safari bila akiba ya njiani hafiki. Jengo peke yake halimlishi mgonjwa.

Mwaka 1956 Waingereza walifungua hospitali mpya eneo la Upanga na kuiita Princess Margaret, na huduma za hospitali ya zamani zikahamishiwa huko. Baada ya Uhuru jina la binti mfalme liliondolewa, hospitali ikawa Muhimbili. Jina la Sewa Haji lilibakizwa katika mojawapo ya majengo makubwa ya wodi, pamoja na Mwaisela na Kibasila.

Bagamoyo kwenyewe, majengo ya kale yanalindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa, inayoanzia hapo hadi Ujiji, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huliwa na chumvi na mvua kila mwaka, na nyumba isiyo na mtu ndani huanguka upesi kuliko inayokaliwa. Jengo la shule aliyoitoa Sewa Haji limedumu likitumika: kila asubuhi kengele inapopigwa, watoto wa mji huingia humo, na hakuna anayewauliza dini wala kabila.