Mtakatifu Matia Mulumba: Kuagana kwa Matumaini



Ninyi mnaoishi Sachangwan, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, mnajua kwamba kifo huingia nyumbani bila kupiga hodi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Katika nyumba zilizo kando ya mteremko ule, mke hulala akisikiliza kila gari linalopita, na mume huondoka asubuhi bila kutaja kifo, akidhani kukitaja ni kukiita. Hofu hiyo si dhambi. Lakini ikifichwa, huwatenga mume na mke walioahidiana kusaidiana katika shida na raha.

Barabara hiyohiyo huendelea hadi Kampala, Uganda. Huko alifia mume mmoja anayeweza kutufundisha, Mtakatifu Matia Mulumba Kalemba.

Matia alizaliwa Busoga. Akiwa mtoto alitekwa pamoja na mama yake, akalelewa Buganda, na alipokuwa mtu mzima akapewa madaraka chini ya chifu wa Singo, huko Mityana. Alimtafuta Mungu kwa Waislamu, kisha kwa Waprotestanti, na mwishowe akabatizwa na Wamisionari wa Afrika tarehe 28 Mei 1882. Alikuwa na wake kadhaa. Akabaki na mmoja, Kikuvwa. Mwaka huohuo wamisionari waliondoka Buganda, wasirudi hadi 1885. Matia hakuitupa imani. Aliendelea kuwafundisha waamini wenzake wa Mityana.

Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga alipoamuru Wakristo wauawe, Matia alikamatwa pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu. Wakiwa njiani kupelekwa Namugongo, alisimama kwenye kilima cha Kampala, akataka auawe hapohapo. Alimuaga Luka kama mtu anayeagana na mwenzake akijua watakutana tena mbinguni. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamwacha afe polepole. Wapita njia aliowaomba maji walikimbia kwa hofu. Alifariki tarehe 30 Mei. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964.

Mwangalieni vizuri: aliomba maji. Tumaini la Kikristo halikumwondolea kiu, kwa maana hata Bwana wetu aliona kiu msalabani. Wala halikumzuia Kikuvwa kuwa mjane. Lakini lilimwezesha Matia kuagana bila kukata tamaa, kwa sababu Kristo amefufuka, na kifo hakina neno la mwisho. Tena tumaini hilo hakulipata siku ile kilimani. Alikuwa ameliishi miaka minne, nyumbani na kazini.

Basi nanyi anzeni nyumbani. Msiagane mkiwa na hasira. Pataneni kabla ya safari. Chagueni jioni moja mzungumze wazi juu ya hati ya shamba, madeni, akiba, na atakayewalea watoto. Kuandika wosia si kukiita kifo, ni kumpenda mwenzako hata siku ambayo hutakuwepo. Mgonjwa akizidiwa, mwiteni padre mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Msingoje hadi apoteze fahamu. Na wewe uliyefiwa na mwenzi wako, endelea kumwombea katika Misa, maana upendo wenu haukuzikwa.

Usiku hofu ikikujia, usijifanye shujaa. Mwamshe mwenzako, mwambie unachoogopa, kisha salini pamoja. Mtakatifu Matia, aliyekuwa mume na baba, atawaombea.