Korngold: Mtunzi aliyemkataa Robin Hood

Mpenzi wa sinema za majabari anaijua sauti ile. Kabla jabari mwenyewe hajaonekana, tarumbeta zinalia kwa pamoja, ngoma zinaitikia, fidla zinapanda juu, na mtazamaji anakaa sawa kitini kwa kuwa masikio yake yamekwisha kumwambia kwamba anayekuja si mtu wa kawaida. Wengi hudhani mtindo huo ulianza na Superman mwaka 1978, au na Star Wars mwaka mmoja kabla yake, kazi mbili za Mmarekani John Williams. Kumbe njia hiyo ilikuwa imekwisha fyekwa miaka arobaini nyuma na Myahudi mmoja wa Austria, mtu mnene, mcheshi, mpenda vitamu, ambaye alipoombwa kuifanya kazi hiyo alikataa katakata.

Huyo ni hayati Erich Wolfgang Korngold.

Alizaliwa tarehe 29 Mei, 1897, katika mji wa Brünn, ambao leo unaitwa Brno na uko katika Jamhuri ya Czech. Siku hizo mji huo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake, Julius Korngold, alikuwa mhakiki wa muziki, na baada ya familia kuhamia Vienna aliandika katika gazeti kubwa la Neue Freie Presse. Kalamu yake iliogopwa na waimbaji na watunzi wote wa mji. Mwanawe alimpa jina la Wolfgang kwa heshima ya Mozart, na jina hilo halikupotea bure. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alipelekwa kwa Gustav Mahler, mkuu wa opera ya Vienna, akampigia kinanda utungo wake mwenyewe. Mahler alistaajabu, akamwambia baba mtu kuwa huyu ni kipaji kisicho na kifani, na akashauri apelekwe kwa mwalimu Alexander Zemlinsky.

Akiwa na miaka 11 alitunga muziki wa mchezo wa dansi usio na maneno, Der Schneemann, yaani mtu wa theluji. Mwaka 1910 mchezo huo ulionyeshwa katika Opera ya Kifalme ya Vienna mbele ya Kaisari Franz Joseph. Wabaya wake walinong'ona kwamba mtungaji halisi ni baba mtu. Na si hilo tu. Mwanamuziki aliyepiga kazi ya mtoto alisemwa kuwa anatafuta sifa gazetini kwa baba, na asiyeipiga alihofia kuadhibiwa kwa wino. Kijana alikua katikati ya maneno hayo, na ni ajabu kwamba hayakumharibu roho.

Kilele chake katika opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, kilikuja tarehe 4 Desemba, 1920. Usiku huo opera yake Die tote Stadt, habari za mjane asiyeweza kumsahau mkewe aliyekufa, ilifunguliwa katika miji miwili kwa wakati mmoja, Hamburg na Cologne. Mtunzi alikuwa na miaka 23. Mwaka 1924 alimwoa Luise von Sonnenthal, wakapata wana wawili, Ernst na Georg. Baada ya hapo mambo yalipungua kasi kidogo. Opera yake ya mwaka 1927, Das Wunder der Heliane, haikupokewa kama alivyotarajia, naye akajipatia riziki kwa kuzipanga upya opereta za zamani za Johann Strauss.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Max Reinhardt, bingwa wa michezo ya kuigiza, na Reinhardt ndiye aliyemvutia Hollywood mwaka 1934. Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa ikitengeneza sinema ya mchezo wa Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, na ilihitajika mtu wa kuupanga muziki wa Mendelssohn uendane na picha. Kazi ilipokwisha, mabwana wa kampuni walikuwa wamekwisha tambua wamepata mtu wa namna gani.

Mwaka 1935 walimpa Captain Blood, sinema ya maharamia iliyomtoa Errol Flynn gizani na kumfanya nyota. Alipewa wiki tatu tu. Muda ulipomwishia alichukua vipande vya Liszt akavitia mahali pa mapigano, kisha akakataa kuandikwa kuwa mtunzi wa muziki wote. Alitaka iandikwe kuwa ameupanga tu. Kwa mtu wa Hollywood hiyo ilikuwa tabia ngeni kabisa.

Mkataba aliofunga baadaye nao ulikuwa wa kifalme. Hakulazimishwa kutunga sinema nyingi kwa mwaka, aliruhusiwa kuikataa sinema asiyoipenda, na nyimbo alizotunga aliweza kuzitumia tena katika kazi zake za ukumbini. Wenzake walipewa sinema moja baada ya nyingine kama vibarua wa shambani.

Namna yake ya kufanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo siri ya yote. Watunzi wengi walipewa orodha ya sekunde na dakika, wakatunga kwa saa mkononi. Korngold hakutaka hesabu hizo. Aliketi kwenye piano ndani ya chumba cha kuonyeshea picha, sinema ikapita mbele yake mara nyingi, naye akipiga na kubadilisha, kama mtu aongeaye na mwenzake. Kwake sinema ilikuwa opera ambayo watu wake wanasema badala ya kuimba. Kila mhusika alipewa sauti yake, na sauti hiyo ilibadilika kadiri mhusika anavyopenda, anavyoogopa, anavyoshinda. Hata mahali pa mazungumzo alisikiliza kina cha sauti za waigizaji, akaweka okestra mahali ambapo haitawameza.

Sasa tufike kwenye Robin Hood. Mwishoni mwa mwaka 1937 Warner Bros. walikuwa wakiikamilisha sinema ya The Adventures of Robin Hood, habari za yule mlenga mshale wa Kiingereza ambaye hadithi husema aliwanyang'anya matajiri na kuwapa maskini. Ilipigwa kwa rangi, jambo la gharama kubwa siku hizo, na iliwagharimu karibu dola milioni mbili. Shujaa alikuwa Errol Flynn. Swali lililobaki lilikuwa la muziki. Kampuni ilikuwa na watunzi wake wa mshahara, akiwamo Max Steiner, fundi hodari na mwepesi, naye pia mzaliwa wa Vienna. Mkuu wa utengenezaji, Hal Wallis, hakuridhika. Alimtaka Korngold, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani Vienna akiitengeneza opera yake mpya, Die Kathrin. Mnamo Januari 1938 akapelekewa simu ya telegramu: aje upesi.

Korngold akapanda meli pamoja na mkewe na mwanawe mdogo. Mwana mkubwa, Ernst, aliachwa Vienna kwa babu na bibi.

Alipofika na kuonyeshwa sinema, moyo ulimshuka. Tarehe 11 Februari alimwandikia Wallis barua ya kukataa. Alieleza kwamba yeye ni mtunzi wa mambo ya moyoni, si wa kukimbizana na kupigana panga, na sinema hii karibu yote ni mapigano. Aliomba asishawishiwe tena.

Hapa ndipo mtu anaweza kumsifu Wallis. Bwana mwingine angeipokea barua ile na kumwita Steiner siku hiyo hiyo. Lakini sinema yenye kelele haihitaji mtunzi wa kelele. Panga zina mlio wake na farasi wana kishindo chao. Kinachokosekana ni kitu cha kumwambia mtazamaji kwa nini mtu huyu anapigana, na kwamba ndani ya kifua chake mna furaha, mna mapenzi, mna huruma kwa wanyonge. Aliyesema hawezi kutunga ila mambo ya moyoni ndiye hasa aliyefaa.

Siku ya pili yake, tarehe 12 Februari, mkuu wa idara ya muziki, Leo Forbstein, alikwenda nyumbani kwa Korngold kumsihi. Siku hiyo hiyo, huko Ulaya, waziri mkuu wa Austria, Kurt Schuschnigg, alikuwa ameitwa kwa Hitler mjini Berchtesgaden kupewa vitisho. Habari zilipomfikia Korngold alielewa maana yake. Akakubali, lakini kwa masharti: atafanya kazi wiki kwa wiki bila mkataba wa kumfunga, na akishindwa ataondoka.

Kabla muziki haujakamilika, majeshi ya Wanazi yaliingia Austria tarehe 12 Machi. Hebu fikiri, msomaji, hali ya mtu huyu. Asubuhi yuko kwenye piano akitunga muziki wa karamu ya msituni, na mwanawe na wazazi wake wako katika mji ambao Mayahudi wanafanywa wafagie barabara kwa magoti huku watu wakicheka. Ernst na wazee walifanikiwa kutoka, wakamfuata Marekani. Nyumba ya Vienna ilichukuliwa na wenye nguvu. Marafiki waliobaki walijitahidi kuziokoa karatasi zake za muziki na kuzituma kidogo kidogo. Onyesho la Die Kathrin lililopangwa Vienna halikufanyika, ikabidi opera hiyo ianzie Stockholm mwaka 1939. Korngold mwenyewe alikuwa akisema baadaye kwamba Robin Hood ndiye aliyemwokoa maisha, wala hakuwa akifanya mzaha.

Katika muziki wenyewe hamna dalili ya hofu hiyo. Baadhi ya sauti zake kuu alizitoa katika kazi yake ya zamani, Sursum Corda, ambayo watu wa Vienna hawakuipenda. Kilichokataliwa ukumbini kikafaa msituni. Sinema ilitoka Mei 1938, na mwaka uliofuata Korngold akapewa tuzo ya Oscar mkononi mwake. Nasema mkononi mwake kwa sababu miaka miwili nyuma muziki wake wa Anthony Adverse ulishinda vilevile, lakini kwa kanuni za siku hizo sanamu ilikwenda kwa mkuu wa idara.

Zikafuata The Sea Hawk mwaka 1940, ambayo wengine huiweka juu ya Robin Hood, na Kings Row mwaka 1942, ambayo sauti yake ya mwanzo humfanya msikilizaji wa leo akumbuke Star Wars mara moja. Mwaka 1943 akawa raia wa Marekani. Alikuwa ameapa kutotunga kazi kubwa za ukumbini hadi Hitler aanguke. Alipoanguka, Korngold aliiacha sinema mwaka 1946. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa ucheshi wake kwamba alipofika Hollywood hakuyaelewa maneno ya waigizaji, na sasa anayaelewa.

Konseto yake ya fidla ilipigwa na Jascha Heifetz mjini St. Louis mwaka 1947, ikiwa imejaa nyimbo za sinema zake. Wasikilizaji walishangilia, wahakiki wakadharau. Moyo ulianza kumsumbua mwaka huo huo. Alirudi Vienna mwaka 1949 akitumaini kupokewa. Die Kathrin ikaonyeshwa huko mwaka 1950, ikaanguka. Kwa mabwana wa muziki mpya, alikuwa mtu wa kale. Kwa mabwana wa muziki wa kale, alikuwa mtu wa sinema. Alifariki dunia tarehe 29 Novemba, 1957, akiwa na umri wa miaka 60, akiamini kwamba amesahauliwa. Opera ya Vienna ilipandisha bendera nyeusi.

Ilipita miaka 15. Mwaka 1972 mwanawe Georg, ambaye sasa aliitwa George na alikuwa mtengenezaji wa sahani za santuri, alitoa pamoja na kiongozi wa okestra Charles Gerhardt sahani ya muziki wa sinema za baba yake. Ilinunuliwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1975 Die tote Stadt ikarudi jukwaani New York. Miaka miwili baadaye ikaja Star Wars, na okestra kubwa yenye tarumbeta na fidla ikarudi katika sinema baada ya miaka mingi ya gitaa na vyombo vya umeme.

Basi mwongozaji Richard Donner alipotafuta mtunzi wa Superman, alijua anataka sauti ya namna gani. Mtu wake wa kwanza alikuwa Jerry Goldsmith, aliyemtungia The Omen, lakini ratiba zao hazikupatana, na kazi ikamwangukia Williams. Goldsmith alipata zamu yake kwa jamaa wa Superman mwaka 1984, alipotunga muziki wa Supergirl.